Vigaeni Walivyoshinda Kombe la Utulivu

Palikuwa na nchi, na nasikia bado ipo, ila wenye watoto msishtuke, si hii yetu. Hii yetu kila kitu kiko mahali pake. Nchi ile ilikuwa na jiji kubwa lililokaa kama chapati tatu zilizopangwa, ndogo juu ya kubwa. Juu kabisa palikuwa na Kitovu, walikokaa wakubwa na maghorofa yao. Pembeni kabisa palikuwa na mitaa mipya ambayo hata serikali ilikuwa haijaarifiwa kwamba imeanza. Na hapo katikati, si mbali wala si karibu, palikuwa na Vigaeni.

Vigaeni ulikuwa mtaa wa siku nyingi. Nyumba zake zilijengwa enzi bendera ya nchi ikiwa bado inanuka rangi, zikaezekwa vigae vyekundu, zikazungushiwa michongoma, kila moja na mpera wake nyuma na chumba cha uani, ambamo zamani alikaa mtumishi na sasa anakaa mpangaji. Vigae vingi vilishavunjika vikazibwa kwa bati. Lakini mtu wa Vigaeni ukimuuliza anakaa wapi, alinyoosha shingo kwanza ndipo akajibu. Walikuwa na ugonjwa mmoja tu watu wale: walikaa karibu na wakubwa kiasi cha kusikia harufu ya pilau yao, na mbali kiasi cha kutopata sahani.

Chini yao kulikuwa na bonde lenye kijito, na upande wa pili wa bonde mtaa wa mabati na vichochoro, ukiitwa hivyo hivyo tu, Ng'ambo. Watu wa Vigaeni walinunua mandazi Ng'ambo, wakanunua nyama Ng'ambo, wakasukwa nywele Ng'ambo, halafu ukiwauliza wanasema huko hawajawahi kufika.

Basi Vigaeni alikaa mwanamke aitwaye Mwantumu, mama yake Zawena, kitoto cha kike chenye miguu isiyojua kukaa. Wengine huzaliwa na sauti nzuri, wengine na mkono wa biashara. Mama Zawena alizaliwa na wasiwasi. Akiona moshi, nyumba inaungua. Mtoto akilala sana, anamwekea kiganja puani. Na akishtuka hakuwa mtu wa kushtuka peke yake. Alipiga yowe.

Na yowe, Vigaeni, lilikuwa na taratibu zake, ambazo hakuna aliyemfundisha mwenzake. Likipigwa, unatoka kama ulivyo. Mwenye unga mikononi anatoka na unga, mwenye povu kichwani anatoka na povu. Tena kila nyumba ilikuwa na kitu chake cha kuja nacho. Kwa Mama Obedi, jirani wa ubavuni, walikuja na ngazi. Mzee Kibwana, mstaafu wa reli, alikuja na kamba. Nyumba ya kona walileta ndoo za mchanga. Kwa mwalimu Sekunda walileta gari, na kwa kuwa gari lenyewe halikuwaka bila kusukumwa, wapangaji wa uani walileta mikono. Hukuja na kitu chako, hukuja.

Siku moja Mama Zawena aliona nyoka kwenye michongoma, akapiga yowe, mtaa ukaja wote. Mzee Kibwana akainama, akamshika nyoka mkia, akamfuata polepole mpaka kichwani, na kichwani palikuwa na bomba la maji.

"Mwantumu," akasema, "nyoka wako anavuja."

"Afadhali avuje kuliko aume, baba."

"Redio hii haina betri wala haizimiki!" akasema Mama Obedi, ngazi begani. "Haya, chai iko wapi? Sikubeba ngazi kwa nyoka wa plastiki halafu nirudi mkavu."

Wakanywa chai. Yowe la bure lililipwa kwa chai. La kweli halikulipwa kwa kitu, maana siku Mzee Kibwana alipodondoka bafuni, aliyesikia kishindo ni huyo huyo redio, na ngazi ya Mama Obedi ndiyo iliyofika dirishani. Siku hiyo hakuna aliyeulizia chai.

*

Sasa nchi ile ilikuwa na Waziri wa Makazi, na Waziri alisafiri kwenda nchi ya baridi kujifunza. Akalala hotelini wiki nzima asisikie kitu. Hakusikia jogoo, hakusikia mtoto, hakusikia muuza samaki. Asubuhi akafungua dirisha, akaona barabara nzuri na watu wenye makoti mazito. Waziri akaunganisha mambo mawili, kama wakubwa walivyojaliwa: kumbe watu hawa wametajirika kwa sababu wamenyamaza!

Alipotua uwanja wa ndege alihutubia taifa bila hata kubadili viatu.

"Ndugu wananchi, hatukosi ardhi. Hatukosi mvua. Hatukosi akili, mimi mwenyewe ni shahidi. Tunachokosa ni kunyamaza."

Ikaundwa Wizara ya Makazi, Hadhi na Utulivu. Likanunuliwa kombe kubwa la kung'aa, lishindaniwe, lichukuliwe na mtaa mtulivu kuliko yote. Kitovu hakikushiriki, kwa sababu ya ving'ora vya misafara, ambavyo Wizara ilieleza kwamba si kelele, ni uongozi unaopita. Mitaa ya pembeni haikushiriki kwa sababu hakuna aliyejua njia ya kwenda kuipa taarifa. Ng'ambo haikuwamo hata kwenye orodha. Ikabaki Vigaeni.

Wakaitwa mkutanoni, ukumbi wa shule. Akasimama bwana mmoja mwembamba, viatu vya soli ya mpira, akizungumza kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Huyo alikuwa Bwana Fulgensi, ameletwa na Wizara kuwa Mtuliza wa Mtaa.

"Mtaa utakaoshinda," akanong'ona, "utahesabiwa kuwa sehemu ya Kitovu."

"Utahamishwa?" akauliza mtu.

"Hautasogea. Utahesabiwa."

Mkisikia ukumbi uliojaa watu unanyoosha shingo kwa pamoja, hutoa sauti kama ya mkeka unaokunjuliwa. Ndiyo iliyosikika. Kura ikapigwa kwa kufumba macho, ili kuepusha vurugu, na wote waliofumba wakahesabiwa kuwa wamekubali.

Mama Zawena, ambaye hakufumba, akanyoosha mkono. "Na mtu akipatwa na jambo? Akitaka msaada?"

"Swali zuri, mama, ila limeulizwa kwa sauti. Kila nyumba itapewa kibendera cha njano. Mwenye dharura atasimama mbele ya nyumba yake, mkono umenyooka, uso umetulia, mpaka nitakapopita. Majirani wakimwona, nao watainua vya kwao kumuunga mkono. Kibendera kiwe kimepigwa pasi. Kilichokunjamana hakitatambuliwa."

"Na kama kinachoungua ni kibendera chenyewe?" akachomekea Mama Obedi.

Watu wakacheka. Bwana Fulgensi akasubiri kicheko kiishe, kama mtu anayesubiri gari la taka lipite.

*

Mtaa ukaanza kutulia. Majogoo wakaliwa wote, na niseme ukweli, hicho ndicho kipindi cha utulivu watu walichokifurahia zaidi. Muuza mboga akapita na ubao ulioandikwa MCHICHA, na siku zote ubao ulisema mchicha hata akiwa amebeba bamia. Msiba ulipotokea nyumba ya kona, wafiwa walilia ndani ya mito kwa kupokezana, na mito ile ilisifiwa na Wizara.

Yakafuata mafunzo. Bwana Fulgensi aliwafundisha wakazi kuomba msaada kwa staha. Wakasimama kwa mistari wakirudia baada yake: "Samahani jirani, kama una nafasi, nyumba yangu inaungua." Mwalimu Sekunda aliifanya vizuri mno, mpaka akaulizwa kama nyumba yake imewahi kuungua. Mama Zawena alishindwa. Kila akifika kwenye "inaungua," sauti ilipanda yenyewe kama maziwa jikoni.

Mwisho vikakusanywa vile Wizara ilivyoviita vifaa vya taharuki: ngazi, kamba, ndoo za mchanga.

"Ngazi inamfanya mtu afikirie kuanguka," alieleza Bwana Fulgensi. "Asipoiona, hafikirii. Asipofikiria, haanguki."

Vikafungiwa stoo ya shule kwa kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni mwake. Mama Obedi aliitoa ngazi yake kwa kusitasita, lakini aliporudi barabarani alikuwa amebandikwa beji kifuani: Balozi wa Kimya. Tangu siku hiyo, yule mama aliyekuwa akiagiza chumvi kupitia michongoma kwa sauti ya kuamsha bonde zima, akawa anatikisa mkono kutoka dirishani.

"Mama Obedi, mbona siku hizi hata hunitanii?" Mama Zawena alimwuliza.

"Tukishakuwa Kitovu nitakutania, shoga," akanong'ona. "Vumilia."

*

Mtaa mtulivu hauwezi kukaa bila mnara. Wizara ikaamua kujenga Mnara wa Utulivu kwenye uwanja waliochezea watoto, mbele kabisa ya nyumba ya Mama Zawena. Wakaja vijana wenye sululu zilizofungwa vitambaa, wakachimba msingi, kina cha mtu na nusu, wakachomeka nondo kadhaa, wakaondoka. Mvua ikanyesha. Shimo likajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, likatulia kabisa. Bwana Fulgensi alipenda kusimama hapo jioni kuliangalia.

Mama Zawena hakupenda. Akamfuata.

"Baba, shimo hili litaua mtoto."

"Limemuua nani?"

"Bado."

"Basi."

Asubuhi yake akasimama mbele ya nyumba na kibendera chake, kimepigwa pasi, mkono umenyooka. Jua likampanda utosini. Bwana Fulgensi akapita, akakikagua kibendera, akaridhika nacho.

"Dharura iko wapi, mama?"

"Ni hilo shimo."

"Dharura ni jambo lililokwisha kutokea. Hilo lako bado ni maoni. Kibendera si cha maoni."

"Basi zungushieni hata miiba."

"Miiba mbele ya Mnara wa Utulivu? Wageni watasemaje?"

"Mnara wenyewe uko wapi?"

"Uko kwenye mipango."

"Na shimo?"

"Shimo nalo liko kwenye mipango. Isipokuwa limetangulia." Halafu akainamisha kichwa kwa huruma. "Mama Zawena, wasiwasi ni kelele za ndani. Hata ukifunga mdomo, tunakusikia."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Baba Zawena alifanya kazi Kitovu, ya kumfungulia mlango bwana mkubwa mmoja ambaye hakuwa mtu wa kutoka.

"Nakuomba mke wangu," akamwambia. "Mkubwa ameniuliza kama wewe ndiye yule wa shimo."

"Alikuuliza akiwa na uso gani?"

"Uso sikuuona. Aliuliza kwa ndani."

Mama Zawena akafanya wanachofanya mama wasiosikilizwa. Akachukua kanga ya zamani, akaichana vipande, akaviunga vikawa kamba, akamfunga mtoto kiunoni na ncha nyingine akaifunga kwenye nguzo ya baraza. Zawena akacheza ndani ya duara lake kama mbuzi wa kafara. Wapita njia walimwangalia mama wakatikisa vichwa, kwa upole, bila sauti.

*

Wenye watoto mnajua kwamba fundo analofunga mama, mtoto ana siku nzima ya kulifungua.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mama ameinama kwenye karai la nguo. Akainua kichwa, akaona kanga imelala barazani peke yake. Akatazama uwanjani, akaona ndala moja ya bluu ukingoni mwa shimo. Hakumbuki alivyofika. Zawena alikuwa ndani, ameng'ang'ania nondo kwa mikono miwili, maji yanamfika kidevuni, halii hata kidogo, kama mtoto aliyefundishwa. Kuta zilikuwa za tope. Mama akatia mguu, ukingo ukameguka, tope likamwagikia mtoto usoni. Akarudi nyuma. Angejitosa, wangekuwa wawili wa kuokolewa, na aliyekuwa ndani angefunikwa.

Akapiga yowe. Alipiga yowe alilokuwa ameliweka tangu mafunzo, na juu yake akaongeza la siku hiyo.

Milango ikafunguka. Vigaeni wakatoka, mmoja mmoja, wamevaa vizuri. Wakasimama mbele ya nyumba zao, wakanyoosha mikono, nyuso zimetulia, wakainua vibendera. Mzee Kibwana aliinua cha kwake kwa mikono miwili. Mwalimu Sekunda alirudi ndani mbio kidogo, kumbe kukinyoosha. Mtaa mzima ukawa wa njano. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona kitu kilichopangika vile.

"Mama Obedi!" akalia Mama Zawena. "Ngazi! Ngazi jamani, mwanangu!"

Mama Obedi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, beji kifuani, machozi yanashuka kwa utaratibu.

"Iko stoo, shoga," akanong'ona. "Ufunguo anao Mtuliza. Lakini nimekuinulia kibendera."

Mama Zawena akamtazama. Kisha akaugeukia upande wa bonde, akapiga yowe jingine, refu, lisilo na jina la mtu.

Ng'ambo walikuwa hawajapewa mafunzo. Yowe likavuka kijito, na kijito hakikulisimamisha. Akaonekana Bi Tatu wa mandazi akipanda kilima na mwiko mkononi, akifuatwa na mwanamke aliyesukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama kama anayebishana. Nyuma yao alikuja Shomari mwenye bucha. Hakuwa na ngazi, kwa hiyo alikuwa ameung'oa mlango wa bucha, wenye picha ya ng'ombe, akaubeba kichwani.

"Yuko wapi?"

"Humo!"

Wakauteremsha mlango shimoni kama daraja. Shomari akalala juu ya ng'ombe, akashuka kwa tumbo, wanawake wamemshika miguu. Akanyoosha mkono. "Achia chuma, mwanangu. Achia chuma umshike baba." Zawena akamtazama, kwanza akamkagua, ndipo akaachia.

Akatapika maji. Akakohoa. Akafumbua macho na kusema, "Ndala yangu ya pili."

Bi Tatu akacheka mpaka akakaa kwenye tope. "Huyu mzima! Anadai mali! Mama, mpe mtoto ndala yake, mimi nimeacha mandazi kwenye mafuta."

Hapo ndipo Bwana Fulgensi alipofika kwenye mzunguko wake, soli za mpira.

"Tafadhali," akanong'ona. "Tafadhali, sauti."

Akaangalia mtaa. Akaona vibendera vilivyosimama mstari mmoja, nyuso zote zimetulia, pasi imepita kila mahali. Macho yake yakajaa machozi. Katika kazi yake yote, alisema baadaye, hakuwahi kuona dharura iliyopokelewa kwa heshima kiasi kile.

Watu wa Ng'ambo wakakamatwa kwa kukimbia ndani ya eneo tulivu. Shomari aliongezewa la pili: kuingia mtaani na mlango usio na nyumba. Wakakalishwa wakitazama ukuta wa shule mpaka jioni, wakaachiwa kwa onyo. Mlango ulibaki kizuizini.

*

Kombe likaja Vigaeni. Ni tukio lile la shimo, Wizara ilisema, lililowapa ushindi.

Uwanja ukapambwa. Viti vikapangwa, hema likafungwa. Likabaki tatizo la shimo, ambalo lilikuwa katikati kabisa, pale Waziri atakapopita. Lakini Bwana Fulgensi hakuwa mtu wa kushindwa na shimo. Alilitandikia mbao nyembamba za dari, na juu yake zulia jekundu zuri, refu, lililoanzia langoni mpaka jukwaani.

Waziri akahutubia kwa sauti ya chini sana. Hakuna aliyesikia neno, na watu wakapunga leso kushangilia. Kisha akaitwa Mama Zawena atoe shukrani za wakazi, yeye kama mtu aliyenufaika na utulivu. Baba Zawena, aliyeazimwa siku hiyo kufungua mlango wa gari la Waziri, alimtazama mkewe kwa macho ya mtu mwenye mlango mmoja tu duniani.

"Sema asante," akanong'ona. "Neno moja, mama Zawena."

Akashika kipaza sauti. "Asante," akaanza, na kwa kweli alitaka kuishia hapo. Lakini kutoka jukwaani pale aliona langoni watoto wanapangwa. Walikuwa na maua ya kumpelekea Waziri. Aliyetangulizwa mbele, kwa heshima ya tukio lile, alikuwa Zawena, gauni jeupe, ndala mpya miguuni. Bwana Fulgensi akawapa ishara. Watoto wakaanza kutembea juu ya zulia.

Mama Zawena alijaribu, lazima nimtetee kwa hilo. Midomo yake ilianza, "Samahani, kama mna nafasi," kama alivyofundishwa. Halafu koo likakataa.

Yowe lile lilipita kwenye kipaza sauti na maspika yote yaliyokodishwa. Kunguru waliruka Kitovu. Watoto wakaganda pale walipo. Na katika safu ya mbele, miguu ya Mama Obedi ikasimama kabla Mama Obedi mwenyewe hajaambiwa. Ikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki chini ya kiti, beji ikabaki kwenye nyasi. Akamkumba Zawena na maua yake, akawaswaga watoto wengine pembeni kama kuku.

"Shimo!" akapiga kelele, Balozi wa Kimya. "Hapo chini kuna shimo, nyie! Msikanyage!" Kisha, bila kusimama, akageuza njia kuelekea stoo ya shule, na kila mtu akasikia jiwe likizungumza na kufuli.

Waziri alimgeukia Bwana Fulgensi. Bwana Fulgensi akatabasamu.

"Mheshimiwa, ni maoni ya wakazi. Hapa hakuna shimo. Hapa pana zulia."

Akaingia juu yake, soli za mpira, hatua za kistaarabu, ili kuthibitisha.

Mbao zilivunjika kwa sauti ndogo. Kwa kitambo zulia lilibaki limebonyea, kama mto uliolaliwa. Kisha kutoka chini ikatoka sauti ambayo hakuna aliyedhani bwana yule anayo.

"Nakufa! Nakufa jamani! Uwiii! Mama yangu weee!"

Jukwaa zima likasimama. Waziri, naibu wake, makatibu na walinzi, wote wakatoa vibendera mifukoni, wakanyoosha mikono, wakatuliza nyuso. Walifanya vizuri mno. Vigaeni wakatazama vibendera vile, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja akaanza kuitazama mikono yake mitupu kama aliyesahau kitu nyumbani.

Ng'ambo walikuwa wameshafika. Bi Tatu na mwiko, yule wa nywele amesukwa kichwa kizima sasa, na Shomari, ambaye mlango wake ulikuwa bado kizuizini, kwa hiyo alikuja na meza ya kukatia nyama. Mama Obedi naye akatokea mbio upande wa shule, mguu mmoja peku, ngazi begani. Wakakutana mdomoni mwa shimo.

"Nani humu safari hii?" akauliza Bi Tatu, akihema.

"Mtuliza," akasema Mama Obedi.

Bi Tatu akachungulia. Shomari akachungulia. Akaiweka meza chini, taratibu, akaiegemea.

"Yule wa kutukalisha ukutani?"

"Ndiye."

Hakuna aliyesogea. Kutoka chini Bwana Fulgensi aliendelea, na sauti ilikuwa imeanza kukauka. Wakamgeukia Mama Zawena, aliyekuwa ameshuka jukwaani, mtoto kiunoni, maua yamepondeka katikati yao. Walingoja aseme. Ilikuwa haki yake, shimo lilikuwa la kwake kwanza.

Mama Zawena akamhamishia Zawena kiuno cha pili.

"Mtoeni," akasema. "Si amepiga yowe?"

Ngazi ikateremshwa. Mzee Kibwana akafika na kamba, amechelewa, anatukana kufuli, kufuli lililokwisha kuvunjwa. Gari la mwalimu Sekunda likasikika likisukumwa.

*

Vigaeni walinyang'anywa kombe siku hiyo hiyo, na hawakuhesabiwa kuwa Kitovu. Baba Zawena alifukuzwa kazi ya mlango. Yule mkubwa, nasikia, mpaka leo yumo ndani, kwa kuwa hakuna wa kumfungulia. Bwana Fulgensi alihamishwa akatulize mtaa mwingine, lakini wanasema akilala hupiga kelele. Mwaka uliofuata kombe lilikwenda makaburi ya jiji, bila kupingwa, na Waziri alisema huo ndio mfano wa kuigwa na mitaa yote.

Shimo liko pale pale. Waliomba lifukiwe, wakajibiwa kwamba kulifukia ni kubomoa mnara. Ndiyo maana ngazi ya Mama Obedi hairudi ndani tena. Imelazwa ukingoni, mvua na jua, na anayeiondoa anapigiwa yowe.

Haya si ya kwetu, nimeshasema. Kwetu salama. Lakini wewe mama unayesoma, kama una mtoto na una jirani, leo hii nenda ukamuulize ngazi yake inakaa wapi. Akikuonyesha kibendera, hama.